Ukuta Uliojengwa na Mto: Tathmini ya Siku ya Kukwea Mwamba Montserrat, kwa Macho ya Fundi wa Lamu

Kazi yangu ni uashi. Kwa miaka 26 nimekuwa nikikarabati nyumba za kale za Mkomani na Shela, kisiwani Lamu, na katika muda huo nimebisha kuta nyingi zaidi ya milango, kwa kuwa ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hauelezi hali yake kwa sura bali kwa sauti. Nataja jambo hili mapema ili msomaji ajue ninatumia kipimo gani kuipima huduma niliyoilipia Februari iliyopita nchini Uhispania, nayo ni nusu siku ya kukwea mwamba kwa kamba katika mlima wa Montserrat, chini ya kampuni moja ya Barcelona. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu nina malalamiko juu ya ofisi yake, ingawa juu ya mtu iliyemtuma kutuongoza sina lalamiko hata chembe.

Safari yenyewe ilitokana na kazi. Bwana mmoja niliyemrudishia dari ya boriti na zidaka katika nyumba yake ya Shela alinialika kwao nikaone chokaa inavyotumika katika nyumba za mashambani za Katalunya. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anasoma Barcelona, na jioni zake nyingi huishia katika ukumbi wa kukwea kuta za mbao. Yeye ndiye aliyeliona tangazo la kampuni na kuniandikisha kabla sijamaliza kumkumbusha kwamba nina miaka 51. Alinijibu kwa sentensi moja: "Mjomba, wewe umezeekea juu ya jukwaa." Sikuwa na la kuongeza, ijapokuwa jukwaa la miti ya mikoko ni kitu kimoja na mlima ni kitu kingine, na kisiwani kwetu kirefu kuliko mnazi ni milima ya mchanga ya Shela, ambayo mtoto wa miaka minne huipanda akikimbia.

Tangazo lilikuwa fupi. Lilisema kwamba njia tutakazokwea ni rahisi, za daraja la 4 hadi la 5 kwa kipimo cha Kifaransa, kwamba vifaa vyote vimo katika bei, kwamba mwamba ni imara, na kwamba shughuli inamfaa kila mtu mwenye afya. Kipimo hicho cha Kifaransa hupanda kwa namba, na ndani ya namba hupanda kwa herufi a, b na c. Kwa sasa kileleni mwake pana 9c, daraja ambalo Adam Ondra wa Jamhuri ya Cheki alilipendekeza mwaka 2017 kwa njia aliyoimaliza huko Flatanger, Norwe. Daraja la 4 au la 5 liko mbali sana na huko, na mwanafunzi mwenye miguu mizuri anaweza kulikwea siku yake ya kwanza, kwa hiyo katika hilo tangazo halikudanganya. Lililokosea ni neno "imara", na kosa hilo si dogo. Daraja hupima ugumu wa kujongea peke yake: hatua ziko umbali gani, vidole vinashika nini, ukuta umesimama au umelala kiasi gani. Halipimi kama jiwe utakalolishika litabaki ukutani baada ya wewe kulishika. Mtu anayesoma "daraja la 4" akadhani amesoma "hakuna hatari" amesoma kisichoandikwa, na ofisi iliyoandika "imara" pembeni ya daraja hilo imemsaidia kukosea.

Montserrat uko yapata kilomita 50 kaskazini magharibi ya Barcelona, na kilele chake, Sant Jeroni, kina mita 1,236 juu ya bahari. Watalii wengi huenda kwa gari moshi kutoka Plaça d'Espanya hadi chini ya mlima, kisha hupanda kwa treni ya meno au kwa gari la kamba hadi kwenye monasteri yenye sanamu nyeusi ya Bikira Maria. Sisi hatukufika huko. Kiongozi wetu, mwanamke wa makamo mwenye viganja vigumu kama vya mchonga mawe wa Maweni, alitupeleka kwa gari upande wa kusini, juu ya kijiji cha Collbató, kisha tukatembea kwa miguu muda wa nusu saa kupitia vichaka vyenye harufu kali. Alieleza kwamba upande wa kaskazini mwezi wa Februari hauoni jua, vidole hufa ganzi, na mwenye vidole vilivyokufa ganzi hawezi kujua jiwe linamwambia nini. Sentensi hiyo ilinifanya nimwamini kabla sijaona kamba.

Tulipoufikia ukuta nilicheka peke yangu, kwa sababu lilikuwa zege. Mawe ya mviringo ya ukubwa wa ndimu, ya ukubwa wa embe, na hapa na pale ya ukubwa wa dafu, yalikuwa yamekwama bila mpango ndani ya mchanga mgumu wa rangi ya kijivu na waridi, kana kwamba fundi mvivu alimwaga kokoto bila kuzichekecha. Wanajiolojia huuita mwamba wa namna hii konglomerati. Ule wa Montserrat ulianza katika enzi wanayoiita Eosini, mito iliposhuka kutoka milima ya jirani na kumwaga mawe, mchanga na udongo kwenye ukingo wa bahari iliyokuwapo mahali hapo. Tabaka likalalia tabaka, maji yaliyopenya yakaacha chokaa katikati ya mawe, chokaa ikashika, ardhi ikainuka, na baadaye mvua, upepo na barafu vikaukata mlima kwa kufuata nyufa zake za wima hadi ukawa vidole virefu vilivyosimama. Mengi ya mawe yenyewe pia ni ya chokaa. Yaani nilikuwa mbele ya ukuta wa mawe ya chokaa yaliyoshikwa kwa chokaa, kazi ambayo naifanya kila siku, tofauti ikiwa kwamba huu ulijengwa na mto na una urefu wa minara kadhaa.

Kuna tofauti nyingine, na hiyo ndiyo yenye uzito kwa anayetaka kukwea. Jiwe letu la matumbawe lina matundu na makwaruzo. Chokaa huingia ndani yake na kuling'ata. Kokoto la mto ni laini kwa sababu limesuguliwa safari nzima, na chokaa haina pa kuling'ata. Hulishika kwa kulizunguka, kama kiganja kinavyoshika yai. Madhali sehemu pana ya yai imo ndani ya kiganja, halitoki. Sehemu pana ikishakuwa nje, kinacholizuia ni gundi tu, na gundi hiyo imepigwa jua, baridi na mvua kwa muda mrefu kuliko hesabu ya mwanadamu. Kokoto lililochomoza sana, ambalo kwa macho ndilo linaloalika mkono kuliko yote, ndilo la kuogopwa kwanza.

Sikuyagundua hayo peke yangu. Kiongozi alitusimamisha chini ya ukuta kwa takriban dakika 40 kabla ya kufungua mfuko wa kamba, na kwa dakika hizo peke yake ningelipa nusu ya bei. Alibisha jiwe moja kwa vifundo vya vidole, likatoa sauti kavu na fupi. Akabisha la pili, likatoa mlio wa kibuyu kitupu. Nilimwambia, mpwa wangu akitafsiri, kwamba kwetu tunabisha lipu vivyo hivyo kabla ya kuamua ibaki au ibanduliwe. Aliufurahia mlinganisho huo, akaniachia mita chache za ukuta nibishe mwenyewe na kutenga lililo zima na lililo bovu. Nilikosea mawili. Kosa la kwanza lilikuwa la woga, nililikataa jiwe zima. La pili lilinifunza zaidi: kokoto dogo la kadiri ya yai la kuku lilitoa sauti nzuri kabisa, lakini alipolisukuma kwa kidole gumba kutoka ubavuni lilicheza kama jino la mtoto. Kitu kidogo hakina uwazi wa kutosha nyuma yake kutoa mlio, akasema, kwa hiyo kidogo husukumwa na kikubwa hubishwa. Miaka 26 ya kubisha kuta haikuwa imenifundisha hilo, kwa sababu katika lipu hakuna mayai.

Kisha akaonyesha kwamba jiwe lenye shaka linaweza kutumika ikiwa litabebeshwa uzito kuelekea chini, kwa kuwa kukanyaga hulikandamiza kwenye kitanda chake, wakati kulivuta kuelekea kwako ni kulichomoa kama kizibo. Akatuonyesha pia vikombe, yaani mashimo yaliyobaki pale ambapo kokoto limekwisha kudondoka. Hivyo ndivyo vishikio bora vya mwamba huu, kwa kuwa kilichokuwa cha kuanguka kimeshaanguka.

Vifaa vilikuwa vya kuridhisha isipokuwa kimoja. Kamba ilikuwa ya mita 70, na kiongozi alitaka tuivute tuone inavyorefuka, jambo ambalo kwa mtu wa pwani ni kioja, kwani kamba ya jahazi inayorefuka hovyo ni ya kutupwa. Hii imekusudiwa irefuke. Kiwango cha Ulaya cha EN 892 kinairuhusu kamba ya namna hiyo kurefuka hadi asilimia 10 ikiwa imebeba kilo 80 zilizotulia, na hadi asilimia 40 katika anguko la kwanza la majaribio. Urefu huo humeza kishindo ambacho vinginevyo kingeishia kwenye kiuno cha mtu, na kwenye bolti iliyozamishwa katika mwamba ambao, kama nilivyosema, ni zege la kokoto. Mkanda wa kiunoni na mapajani ulinikaa vizuri. Viatu vya mpira vilinibana hadi nikasahau majina ya vidole vyangu, lakini nimeambiwa ndivyo vinavyovaliwa. Dosari ilikuwa helmeti. Ile niliyopangiwa na ofisi ilikuwa na ufa wa urefu wa ukucha upande wa kisogo. Kiongozi alipouona aliivua kichwani mwangu pasipo neno, akanivisha yake, akatoa ya akiba mkobani akaivaa mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kwa mtumishi kuziba ufa wa mwajiri wake, na haikuwa ya mwisho.

Njia ya kwanza ilikuwa na mita kama 25 na bolti 9. Kwa asiyejua, kukwea kwa namna hii hakuhitaji mtu apigilie chochote: bolti zimeshatobolewa na kuwekwa ukutani, anayetangulia hupanda na kamba ikitoka kiunoni mwake, na kila anapofika kwenye bolti hutundika ukanda mfupi wenye karabina mbili, yaani pete za chuma zenye kifungio, moja kwenye bolti na nyingine kwenye kamba. Aliye chini huiachilia kamba kidogo kidogo kupitia kifaa cha breki. Mtangulizi akifika juu hupitisha kamba kwenye mnyororo, na kuanzia hapo wanaomfuata hukwea kamba ikiwashika kutoka juu, kwa hiyo wakiteleza hawaanguki, huning'inia tu. Kiongozi alitangulia. Bolti ya kwanza ilikuwa mita nne kutoka ardhini, nazo zilizofuata ziliachana karibu mita mbili na nusu, nafasi ambayo mpwa wangu aliitazama kwa jicho la mtu aliyezoea ukumbi wenye bolti kila mita moja.

Zamu yangu ilipofika, mita tano za kwanza nilizikwea kama fundi anayepanda jukwaa, yaani kwa mikono, nikaona misuli ya chini ya viwiko ikigeuka mawe kabla ya ukuta haujaanza kunipa shida. Kutoka chini nikasikia "Peus!", na papo hapo tafsiri yake, "Miguu, mjomba!" Nikamkumbuka mkwezi wa minazi, ambaye mti haumpandi kwa mabega yake, mikono yake huuambaa tu ili asianguke nyuma, na kazi yote hufanywa na nyayo. Nilipoacha kujivuta nikaanza kusimama, ukuta ulibadilika. Ulikuwa umelala kidogo, si wa wima kamili, na kila kokoto lililochungulia kwa upana wa vidole viwili lilitosha kuwa ngazi. Nilibisha, nikasikiliza, nikakanyaga, nikabisha tena. Kwa mwendo huo mita 25 zilinichukua dakika zaidi ya 20, na hakuna aliyeniharakisha.

Karibu na bolti ya tano palikuwa na jiwe la ukubwa wa chungwa, mahali hasa ambapo mkono wa kulia ungependa kwenda. Lilikuwa limepakwa chaki nyeupe na mikono ya waliotangulia, ishara kwamba wengi walilitumia. Nililibisha, likatoa sauti ya chungu chenye ufa. Hapo palikuwa na jaribu la kweli la siku, kwa sababu chaki ilisema ndiyo na sauti ilisema siyo, na kikombe kilichokuwapo upande wa kushoto kilihitaji nipandishe mguu hadi usawa wa goti jingine, jambo ambalo nyonga yangu hailipendi. Nikapandisha. Chaki hueleza mikono mingapi imepita; haielezi jiwe limebakiwa na mingapi.

Juu kabisa palikuwa na bolti mbili na mnyororo, mapaa ya Collbató chini yangu, na bonde lililojaa ukungu mwepesi. Kushushwa kulinitisha kuliko kupanda, kwa kuwa mtu hutakiwa aegemee nyuma akae kama yuko kwenye kiti ambacho hakipo. Kiongozi alinishusha taratibu, akaniomba niitazame kamba isikwaruze upande wenye kokoto legevu, maana kwenye mwamba huu kamba yenyewe huangusha mawe, hata asipoguswa mtu.

Njia ya pili, ya daraja la 5a, mpwa wangu aliomba atangulie. Kiongozi alimtazama akijifunga kamba kwa fundo lenye umbo la namba nane, akamuuliza maswali mawili matatu, akamruhusu. Alikwea vizuri kwa umbo, haraka, kwa madaha ambayo mimi sitayapata tena, ila sikumsikia akibisha. Alipokuwa kati ya bolti ya tano na ya sita alilivuta kokoto moja kuelekea kwake kama anavyovuta vishikio vya ukumbini, ambavyo vimefungwa kwa skrubu na havijawahi kumsaliti. Lilichomoka. Yeye akaenda chini karibu mita nne, kwa kuwa mtu aliyeipita bolti kwa mita moja na nusu huanguka mara mbili ya hiyo, kisha huongezewa ulegevu wa kamba na kurefuka kwake; kiongozi akanyanyuliwa kidogo kutoka ardhini, breki ikabana, mambo yakatulia. Kilichonibaki masikioni ni kwamba katika sekunde hiyo kijana hakupiga ukelele tuliofundishwa asubuhi, wa Kihispania wala wa Kikatalani. Alisema "Jiwe!", kwa Kiswahili safi, na mtu pekee aliyemwelewa katika mlima mzima nilikuwa mimi. Kiongozi akarudia kwa sauti kubwa "Pedra!", na wakwezi wawili wa njia ya jirani wakajibana ukutani.

Jiwe lilitua mahali nilipokuwa nimekaa dakika kumi kabla, nikila tende. Nilikuwa nimehamishwa na kiongozi, ambaye muda wote hakumruhusu mtu kuketi chini ya anayekwea, wala kupita hapo, hata kufuata maji. Kwetu husemwa aliye juu mngoje chini. Kwenye mwamba wa kokoto mngoje pembeni.

Kuhusu chakula nitasema kwa ufupi, kwa kuwa najua baadhi ya wasomaji watauliza. Fomu ya kampuni ilituuliza tunachokula na tusichokula, tukajaza kwa uangalifu, na mfuko ulioandaliwa na ofisi ukawa na mikate miwili yenye nyama ya nguruwe. Kiongozi aliona haya kwa niaba yao. Akatugawia mkate wake, nyanya iliyosuguliwa juu yake na mafuta ya zeituni, pamoja na jibini, kikawa chakula kizuri. Adhuhuri tuliiswali kwenye kibaraza cha mawe mbali na ukuta, naye akangoja bila kutazama saa.

Baada ya kula nilimuuliza juu ya bolti, kwa kuwa hilo nililitaka kulijua kama fundi. Alinionyesha mbili zilizo karibu na ardhi: moja ya kujibana kwa kukazwa, nyingine ndefu iliyogandishwa kwa gundi. Katika mwamba legevu, alieleza, ile ya gundi hupendelewa zaidi kwa sababu haiusukumi mwamba kutoka ndani ili ishike; nayo ya kukazwa hutegemea kusukuma, na kinachosukumwa kikiwa dhaifu hupasuka. Mahali pa kutoboa pia huchaguliwa kwa kubisha, mbali na ukingo na mbali na kokoto lililolegea, kwa maana bolti iliyofungwa kwenye jiwe litakalotoka itatoka pamoja nalo. Nilikubali kwa kichwa. Nimefukua misumari ya chuma katika kuta za Lamu ambayo chumvi iliitia kutu, kutu ikavimba, na huko kuvimba kukapasua jiwe zima.

Naliandika hili makusudi, kwa kuwa tangu nirudi vijana wawili wameniuliza kama hatuwezi kuweka bolti kwenye kingo za matumbawe za pwani yetu tukawakwesha watalii. Huko Railay, kusini mwa Thailand, miamba ya chokaa iko kando ya bahari ya joto kama yetu, na bolti za chuma kinachosifiwa kwa kutopata kutu zilipasuka na kukatika kabla ya muda wake, hata ikabidi ziwekwe za metali ya titani. Gharama ya titani si ya kikundi cha vijana. Na wa Malindi walioniuliza juu ya Nyari, kule Marafa, jibu langu ni fupi zaidi: ule ni mchanga na udongo unaoporomoka kila masika, ni wa kutazamwa kutoka kwenye njia za wenyeji wanaoutembeza. Anayetaka kujaribu kukwea bila kwenda Ulaya aende Hell's Gate, karibu na Naivasha, ambako mwamba ulitokana na volkano, na ambako mnara wa Fischer, wenye mita kama 25, umekwewa na vizazi vya wanafunzi.

Sasa hesabu. Tulilipa euro 95 kila mmoja kwa kikundi cha watu wawili, vifaa na usafiri vikiwemo. Tuliahidiwa saa tano tukapata karibu sita. Kwa kazi ya kiongozi bei hiyo ni ya haki, na ningeilipa tena kesho. Kwa kazi ya ofisi ni ghali, na sisemi hivyo kwa sababu ya mikate wala helmeti pekee. Tarehe yetu ya kwanza ilikuwa Jumanne, na Jumatatu mvua ilinyesha hadi usiku. Ofisi ilituandikia kwamba safari iko palepale kwa kuwa Jumanne pangekuwa na jua. Saa mbili baadaye kiongozi akampigia mpwa wangu simu mwenyewe, akasema hatakwenda na mtu yeyote kabla ya Alhamisi, kwa sababu ukuta unaokauka usoni huwa bado umelowa ndani, na udongo ulio kati ya kokoto ukilowa haushiki. Ndilo jambo ninalowakataza wanafunzi wangu kila masika, wanapotaka kuondoa miti ya kuegemezea ukuta kwa sababu chokaa inaonekana nyeupe. Ofisi inayouza mwamba huu ingepaswa kulijua pasipo kukumbushwa na mwajiriwa wake.

Kwa hiyo anayetaka huduma hii Montserrat, au kwenye mwamba wowote wa kokoto, aulize mambo matatu kabla ya kulipa: nani hasa atakayeongoza, nini kinafanyika mvua ikinyesha siku iliyotangulia, na muda gani hutumika chini ya ukuta kabla ya kamba kufunguliwa. Akijibiwa kwa daraja la njia peke yake, atafute kwingine. Achague upande wa kusini wakati wa baridi, na aulize pia kama sehemu anayopelekwa haijafungwa kwa ajili ya ndege wanaotaga, kwa kuwa baadhi ya kuta hufungwa kwa msimu. Mwenye hofu ya kushushwa aseme mapema, hakuna atakayemcheka.

Lile jiwe lililomwangusha mpwa wangu nililiokota. Lilikuwa la kijivu, limekaa kiganjani sawasawa, na upande mmoja bado lilikuwa na alama ya chokaa iliyokuwa imelishika, duara jembamba lisilofika hata theluthi ya mzingo wake. Nilitaka kulileta Lamu niwaonyeshe wanafunzi wangu ni kiasi gani kidogo cha chokaa kilichokuwa kikibeba mzigo. Kiongozi akatikisa kichwa: mlima ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1987, na mawe yake hayachukuliwi. Nikalipiga picha upande wenye duara, nikaliweka chini ya ukuta mahali pasipokanyagwa, na picha hiyo sasa imebandikwa karakana, juu ya pipa la chokaa.